Sweta Lililorudi kwa Mama Mdogo

Mama yangu mdogo ana ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kutazama mikono. Si mikono ya watu, mikono ya nguo. Mwambie kuna mtu kateleza akaanguka barabarani, atakuuliza kwanza alikuwa kavaa nini. Nimewahi kukaa naye msibani, machozi yanamtoka ya kweli kabisa, nikamwona ananiinamia sikioni. Nikadhani anataka leso. "Yule mzee aliyekaa karibu na mlango," akaninong'oneza, "mabega ya sweta lake yamemshukia hadi kwenye viwiko. Nani kamfanyia hivyo?" Niliuma midomo nisicheke, nikashindwa, ikabidi nijifunike uso na kujifanya nalia kwa kwikwi. Siku ile nilipewa pole nyingi kuliko wafiwa.

Ugonjwa wenyewe ulimwanza utotoni. Yeye ni kitindamimba. Sweta lilinunuliwa kwa ajili ya mama yangu, kifungua mimba, likashuka kwa wajomba mmoja baada ya mwingine, na lilipomfikia yeye lilikuwa limeshavutika mpaka mikono inafagia sakafu. Shuleni mwalimu alimwona mvivu wa kuandika, kumbe mtoto wa watu alikuwa bado anautafuta mkono wake humo ndani. Akajiapia kwamba akikua, hakuna mtu atakayepotea ndani ya nguo mbele ya macho yake.

Alipokua alipata kazi kwenye kiwanda cha sare. Huko kila fundi alikuwa na kipande chake cha kushona, na yeye akapewa mkono wa kushoto. Basi miaka yote aliyokaa pale alishona mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa wa dada mwingine aliyekaa nyuma yake, na walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Hadi leo akikutana na mlinzi aliyevaa sare ya kiwanda kile, anaushika mkono wa kushoto kwa fahari, kisha anautupia jicho wa kulia na kusonya. Kiwanda kilipofungwa alitoka na cherehani kuukuu, mkasi, na jicho lisilodanganywa na uzi.

Ndipo akafungua duka kwenye korido ya soko, na mimi nikaacha kuzurura nikaja kufanya kazi kwake. Duka lenyewe ni kona tu, lakini kona hiyo ina kitu ambacho korido nzima inakionea wivu. Bati la juu yake limewekwa kipande cheupe kinachopitisha mwanga wa jua, kwa hiyo rangi haziwezi kukudanganya. Kwingine sokoni unanunua sweta jeusi, ukifika nyumbani unakuta ni la damu ya mzee. Kwa Mama Mdogo, jeusi ni jeusi.

Anauza vitu viwili. Masweta mazito ya pamba, yale ya kupitishia kichwani, laini kwa ndani, na fulana za mikono mirefu. Basi. Ukimuuliza soksi atakuelekeza zinakouzwa, ila kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Na usidhani utachagua mwenyewe. Kioo kipo, lakini kimefunikwa shuka, na shuka haliondoki mpaka aseme. Kwanza anakuuliza kazi yako. Halafu anakuzunguka kimya, kichwa kakiinamisha upande, nawe unaanza kujiuliza umekosa nini. Mshono wa bega lazima ukae juu ya mfupa wa bega. Ukipita hapo umevaa gunia. Kama suruali ni pana, sweta liwe la kukaa mwilini. Kama suruali inabana, hapo ndipo sweta linaruhusiwa kupumua. Mwenye kiwiliwili kifupi asivae refu, atafanana na mtu aliyesimama shimoni. Fulana ya ndani ichungulie kidogo shingoni na kidogo mkononi, upana wa kidole, isizidi, "maana ni salamu, si hotuba." Sweta lenye maneno kifuani haliuzi mpaka mnunuzi ayasome kwa sauti na kusema kama anakubaliana nayo. Kijana mmoja alisoma, akafikiri, akasema hapana, hakubaliani. Akapewa la kijani lisilo na neno.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye anaona baridi hata jua likiwaka, alikuja akitaka lenye kofia ili upepo usimwingie masikioni. Mimi nikacheka. Mama Mdogo hakucheka. Alimpa la rangi ya haradali, akamkunja mikono mara moja, akamfunga kamba za kofia kwa fundo la upande. Bibi alipotazama kioo alirusha ngumi mbili hewani. Aliondoka pale anatembea kama anakwenda kutetea mkanda wa ubingwa, na wiki hiyo hiyo wakaja bibi wengine wanne, kila mmoja anataka kofia na fundo la upande. Walikaa kwenye benchi nje ya duka letu wakisubiriana, wamevalia kofia zao, na watu wakawa wanapita mbali kidogo.

Lakini kilichompa Mama Mdogo jina ni mtihani wa mwisho. Nguo ikishakaa, anasimama mbele yako, anafungua mikono, anakwambia, "Nikumbatie." Ndiyo, mteja yeyote. Mchukuzi, muuguzi, mkuu wa shule. Anasema mtu hakununua sweta ili asimame wima kama mwiko, amenunua ili aishi ndani yake. Ukimkumbatia mtu, mikono ikarudi nyuma zaidi ya kifundo, haifai. Tumbo likatokeza, haifai. Ukahisi kwapa linavutwa, vua mara moja. Kumbatio lenyewe ni la kikazi, la haraka, kama daktari anavyokupiga mgongoni asikilize kifua. Mwanzoni maneno yalisemwa, yasisemwe vipi. Wake za watu walikuja kuhakikisha, wakaondoka na masweta.

Kwa sababu ya mtihani huo nguo zake zilikuwa hazirudi. Akachorewa kibao cha mbao chenye neno moja kubwa, HAIRUDI, akakipigilia juu ya duka, na kuanzia hapo korido nzima ikamwita Dada Hairudi.

Sasa, mkabala kidogo na sisi kuna muuza viatu tunayemwita Soli. Viatu vya Soli hurudi. Hurudi na kisigino mkononi, hurudi na wenyewe wanapiga kelele. Kibao kile kilimkata maini kuanzia siku ya kwanza, na mchana mmoja mbele ya watu akasema kwa sauti, "Kujisifu kwingine bwana! Ipo nguo isiyorudi?" Mama Mdogo ni mpole mpaka umguse hapo. Alipanda juu ya stuli akala kiapo: sweta lake likirudi mara tatu kutoka kwa mtu mmoja, anashusha kibao kwa mkono wake na kona anamwachia Soli na viatu vyake. Nilimvuta gauni, haikusaidia. Neno likishatoka kwa mama yangu mdogo haliambiliki halisemezeki.

Miaka ikapita, kibao kikakaa. Halafu msimu wa baridi ukaingia, na fundi saa akahamia kwenye kibanda cha vioo kilichokuwa kitupu, hatua chache kutoka kwetu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, kapera, mtaratibu wa kukera. Aliweka skrubu zake kwenye visahani kwa ukubwa. Akipiga chafya, aligeuka pembeni kwanza, akaiomba radhi saa aliyokuwa akiitengeneza. Tatizo lake lilikuwa baridi. Upepo wa korido ulikuwa unapita chini ya mlango wake, naye alikuwa na mashati mepesi tu, vidole vikafa ganzi, skrubu zikawa zinamponyoka. Nilikuwa namwona kapiga magoti anazitafuta sakafuni, mchana kutwa. Ndipo akavuka kuja dukani.

"Dada, naomba sweta," akasema, akiangalia kibao, si mtu.

Mama Mdogo akamuuliza kazi yake, ingawa kibanda kilikuwa pale pale kinaonekana. Akamzunguka. Akamzunguka tena. Nami nikaacha kukunja fulana, kwa sababu hajawahi kumzunguka mtu mara mbili.

Nakuambia alimchagulia nguo kama anamchagulia mwanawe siku ya kwenda shule. La kofia alilikataa, kamba zingeingia kwenye saa. La manyoya ya nje alilikataa, nywele zingeingia kwenye magurudumu yale madogo. Alichukua la bluu iliyokoza, laini usoni, lenye ukanda wa mkono ulioshika vizuri, ili akilivutia kwenye kiwiko likae huko huko lisimshukie kazini. Kwa nini bluu? "Skrubu ikikudondokea mapajani utaiona inang'aa." Ndani akamvalisha fulana ya kijivu ya mikono mirefu, yenye kubana kiasi, vidole vipate joto bila mkono wa nguo kugusa meza. Fundi saa alisimama akivutia mikono juu na kuishusha, juu na chini, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa.

"Sasa mtihani," nikasema, nikijua kinachofuata.

Mama Mdogo akarudi hatua nyuma. "Kumbatia nguzo," akamwambia.

Katikati ya duka letu kuna nguzo ya chuma inayobeba bati. Tunaitundikia henga za nguo. Haijawahi kukumbatiwa na binadamu. Fundi saa aliitazama nguzo, akamtazama Mama Mdogo, akaiendea akaikumbatia kwa heshima zote.

"Inatosha," akasema Mama Mdogo, na shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Alipoondoka nikamuuliza tangu lini tunatumia nguzo. Akasema mgongo unamuuma. Dakika hiyo hiyo akaingia mchukuzi wa magunia, jitu la watu, akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu, na mgongo haukusema kitu.

Niliona raha! Mama yangu mdogo, ambaye posa tatu alizikataa kwa sababu ya nguo! Mmoja wa wale wachumba alikuja kachomeka fulana ndani ya suruali na suruali kaipandisha mpaka kifuani; Mama Mdogo alimtengea chai, akamsikiliza kwa adabu, na baadaye akasema hawezi kuzeeka na mtu asiyejua kiuno chake kiko wapi. Mama yangu alikuwa ameshakata tamaa naye. Na sasa huyu hapa, anamwogopa mtu mpaka anamkabidhi kwa nguzo.

Baada ya siku kadhaa sweta likarudi.

Nilikuwa nimemwona fundi saa amelivaa siku zote hizo, anapiga mluzi, skrubu hazidondoki. Lakini alikuja kalikunja vizuri, pembe kwa pembe, kaliweka juu ya meza yetu. "Linanibana kwapani, dada. Kidogo tu."

Mama Mdogo alilipokea kama mtu aliyepokea simu ya usiku. Nguo haijawahi kurudi. Akalipima, akaligeuza ndani nje, hakuona kosa, lakini mteja ndiye mwenye kwapa. Akampa jingine la bluu ile ile, pana kidogo. Fundi saa hakuwa na haraka ya kuondoka. Akauliza kola ya shati itoke juu ya sweta au ikae ndani. Mama Mdogo akamwambia itoke upande wa shingo tu, si kama masikio ya mbwa. Akauliza sweta lifuliweje. Ndani nje, maji ya baridi, lisianikwe kwa kutundikwa mabega, lilazwe. Akauliza kama lilazwe chali au kifudifudi. Hapo nilitoka nje kidogo, mbavu sina.

"Sasa mtihani," nikasema niliporudi.

"Nguzo," akasema Mama Mdogo.

Soli alikuwa amesimama mlangoni kwake na kiatu mkononi. Alininyooshea kidole kimoja, akatabasamu.

Mara ya pili alisema mkono wa kulia ni kama mrefu kuliko wa kushoto. Mama Mdogo hilo alitaka kuliamini, kwa sababu ya yule dada wa kiwandani, akaipima mikono yote miwili kwa futi mara nyingi. Ilikuwa sawa sawa. Akampa la tatu. Soli alininyooshea vidole viwili, na raha yangu ikatumbukia nyongo. Maana fundi saa alikuwa mgeni. Hakuna aliyemwambia kuhusu kiapo. Soli alifunga mdomo makusudi, na wengine walikuwa wanangojea sinema.

"Mama Mdogo, niende nikamwambie," nikasema. "Hajui anachokifanya."

"Umwambie nini? Kwamba asilalamike nguo ikimuumiza? Mteja haombwi huruma."

"Nguo haimuumizi! Ameipenda! Huoni?"

"Naona nimeshindwa kumvalisha mtu mmoja," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Nimevalisha mji huu wote. Yeye ndiye niliyetaka kumvalisha vizuri kuliko wote."

Basi, alikuwa ameshasema. Nami nilikaa juu ya mzigo wa fulana nisijue nimpongeze au nimpe pole.

Fundi saa alikuja tena siku ya soko kubwa, mchana, korido imejaa mpaka pomoni. Niliona sweta mkononi mwake, limekunjwa pembe kwa pembe. Nikampa ishara za kila aina. Nilitikisa kichwa, nilipunga mikono, nilijifanya nafukuza nzi. Fundi saa akanipungia na yeye kwa furaha, akaja moja kwa moja.

"Dada, limefumuka," akasema. "Hapa mkononi."

Mama Mdogo akalifungua chini ya mwanga. Ulikuwa mkono wa kushoto. Jamani, kati ya mikono miwili, mtu huyu alichagua wa kushoto! Angefumua wa kulia pengine angepona.

Nikainama na mimi nitazame. Nguo ikifumuka yenyewe hufumuka kihuni, uzi unakatika huku, unavutika kule, shimo linakenua. Hii haikuwa hivyo. Kwenye ukanda wa mkono, tundu moja moja lilikuwa limefunguliwa kwa mstari ulionyooka, hakuna uzi uliokwaruzwa, hakuna uliokatwa. Na mwisho wa uzi kulikuwa na fundo dogo kuliko punje ya mchanga, limefungwa ili mkono usiendelee kufumuka, sweta lisije likapata hasara zaidi. Fundo kama lile halifungwi kwa vidole. Linafungwa kwa kibano, na mtu mwenye kioo cha kukuza jichoni, anayeziomba saa radhi akipiga chafya. Maskini, alitaka kuharibu akashindwa. Hajui kufanya kazi mbaya.

Mama Mdogo aliliona fundo. Nilijua ameliona kwa sababu kidole chake kilisimama pale. Akamwinulia macho fundi saa, na fundi saa akawa anasoma viatu vyake mwenyewe.

"Tatu!" Soli akapiga ukelele. "Korido nzima shahidi! Tatu!" Na ngazi ilikuwa tayari kaishika, aliileta asubuhi akaificha nyuma ya makasha. Watu wakasogea. Bibi wa kofia wakasimama kwenye benchi.

"Sema," nikamnong'oneza Mama Mdogo. "Waonyeshe fundo. Sema tu neno moja."

Neno moja lilitosha, nalo lilikuwa kweli tupu. Kibao kingebaki, kona ingebaki, Soli angemeza kiatu chake. Lakini fundi saa angechekwa mbele ya soko zima, mtu mzima anayefumua sweta kwa kibano kama mtoto anayejitia homa ili asiende shule, na mtu kama yule akichekwa hivyo angefunga kibanda kesho yake akahama.

"Nyamaza," Mama Mdogo akaniambia.

Akalikunja sweta, akaliweka kifuani kwangu. Akachukua koleo. Akapanda ngazi ya Soli, akang'oa msumari wa kwanza, na kibao kikainama upande mmoja kikaning'inia. Nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nianze na nani.

"Dada anafanya nini?" fundi saa akauliza.

Nikaanza na yeye. "Anashusha kibao! Alikula kiapo, sweta likirudi mara tatu anaacha kona! Hukuambiwa, najua, ndiyo maana nilikuwa nafukuza nzi!"

Uso ulimpauka. Kisha mtu huyo mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa bei ya betri, akapaza sauti hadi ng'ambo ya korido.

"Usishushe! Limefumuliwa! Nimelifumua mwenyewe!"

Koleo likasimama kwenye msumari wa pili.

"Na kwapa halikubana," akaendelea, sasa hakuweza kujizuia tena. "Na mikono ilikuwa sawa. Sijawahi kuvaa kitu kizuri namna hii. Skrubu zinang'aa mapajani, kama alivyosema."

"Sasa ulikuwa unarudisha nini?" Soli akauliza, na kwa kweli alikuwa karibu kulia.

Fundi saa akatazama juu ya ngazi. "Likinifaa," akasema, "nitarudi hapa kwa sababu gani?"

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Nadhani ni Bibi yangu, kwa sababu kofia yake ilikuwa imeanguka nyuma. Korido ikalipuka. Mchukuzi alikaa juu ya gunia akajifunika uso. Mtu aliyekuwa ananunua ndoo aliigonga kama ngoma. Nami nikalia pale pale, nalia na kucheka, nimekumbatia sweta la watu, wala sioni haya kusema.

Mama Mdogo alishuka ngazi taratibu, hatua kwa hatua, akimtazama fundi saa kila alipokanyaga. Alipofika chini alinipokonya sweta akamkabidhi.

"Vaa," akasema.

Akavaa. Akavutia mikono kwenye viwiko, akaishusha, mkono wa kushoto ukining'iniza uzi wake.

"Sasa mtihani," nikasema.

Fundi saa, kwa adabu na kwa mazoea, akageukia nguzo, akafungua mikono.

"Siyo huko," Mama Mdogo akasema.

Ilibidi amwambie mara mbili, maana vigelegele vilikuwa vimezidi. Halafu akageuka, na mama yangu mdogo akampima. Haikuwa kumbatio la kikazi. Nilitazama kama nilivyofundishwa: mikono haikurudi nyuma zaidi ya kifundo, tumbo halikutokeza, kwapa halikuvutwa. Lilimkaa. Lilikuwa limemkaa tangu siku ya kwanza.

Soli alichukua ngazi yake akarudi kwenye viatu. Kwenye arusi ya Mama Mdogo na fundi saa alikuja, kwa moyo safi, na sweta tulilomchagulia sisi, na alipokumbatiwa na bwana arusi tumbo halikutokeza. Kibao bado kimeinama upande mmoja, kwa msumari mmoja. Fundi saa kinamwasha vidole kila anapopita chini yake, lakini amekatazwa kukinyoosha.

Na ule mkono wa kushoto haujashonwa hadi leo. Mama Mdogo, ambaye anaweza kulirekebisha lile pindo huku anaongea na mteja, amekataa katakata. Wanatembea pamoja barabarani, uzi unaning'inia, na wapita njia wanautazama. Juzi mama mmoja alimgusa bega, akamwambia kwa wema kwamba sweta la mumewe limeharibika mkononi. Mama Mdogo aliushika ule mkono, akautazama kwa fahari kama anavyoitazama mikono ya walinzi.

"Halijaharibika," akamwambia. "Ndivyo lilivyoshonwa."